Kompyuta Inapogoma Kuzima au Kuanza Upya: Mwongozo Kamili

"Yaya, masini inakatala kuzima." Maneno hayo hunifikia kwenye kibanda changu cha ufundi katika komini ya Kenya, hapa Lubumbashi, hasa saa za jioni watu wanapofunga kazi. Ukimwuliza mwenye masini alifanya nini, jibu huwa lilelile: nilishikilia kitufe mpaka ikakata. Jana alifanya hivyo, juzi pia, na mwezi mzima uliopita. Kisha siku moja masini inawaka, inatoa skrini nyeusi yenye maandishi meupe, na mémoire ya kurasa 90, ile kazi ya kumaliza chuo, haipatikani tena.

Naandika mwongozo huu kwa sababu ya siku hiyo moja. Kompyuta inayoganda wakati wa kuzima mara nyingi haina ugonjwa mkubwa, na mara nyingi mwenyewe unaweza kuitengeneza. Lakini inataka kutazamwa kabla ya kushikwashikwa. Kuzima ni safari yenye vituo: kwanza programu zako zinafungwa, kisha huduma zinazofanya kazi nyuma ya pazia, kisha draiva, yaani programu ndogo zinazoendesha vifaa, mwisho ubao mama, ule ubao mkuu wa ndani, unaambiwa ukate umeme. Kituo ilipokwamia ndicho kitakachokutajia mkosaji. Ukikijua, umeshafanya nusu ya kazi.

Masini nyingi za kwetu zinasema Kifaransa, kwa hiyo majina ya menyu nitayaandika kama unavyoyaona kwenye skrini. Nazungumzia Windows 10 na 11. Linux nitaigusa kidogo.

Ikiwa imeganda sasa hivi mbele yako

Toa mkono kwenye kitufe. Soma skrini. Ikiwa kuna asilimia inayohesabu na maneno "N'éteignez pas votre ordinateur", hiyo haijaganda: inaweka masasisho, na kwenye diski ya zamani inayozunguka kazi hiyo inaweza kuchukua saa nzima. Laptopu iunganishe na chaja. Kompyuta ya mezani, kama unajua delestaji (mgao wa umeme) iko njiani na huna onduleri (kisanduku chenye betri ya akiba), afadhali utafute grupu (jenereta) ya jirani kuliko kuiacha ikatwe katikati ya kazi hiyo. Umeme ukikatika masasisho yakiwa nusu, Windows inaweza kushindwa kuwaka kabisa.

Kama hakuna asilimia, tazama taa ndogo ya diski, ile yenye alama ya silinda. Ikiwa inapepesa, kuna kitu bado kinaandikwa, ngoja. Ikiwa imetulia, bonyeza kitufe cha herufi kubwa, "Verr Maj", mara mbili tatu huku ukitazama taa yake. Taa ikiitikia, kiini cha mfumo bado kinafanya kazi, na kilichokwama ni programu au huduma fulani. Jaribu Ctrl, Alt na Suppr pamoja. Mara nyingine menyu inatokea na unaweza kuzima kutoka pale. Taa ikikataa kuitikia kabisa, mfumo umeshika chini kabisa, na hapo shaka inaelekea kwenye draiva.

Hata hivyo nakuomba uvumilie dakika 15, angalau mara moja. Sababu ni hii: draiva inapokataa kuachia kifaa, Windows huingoja kwa dakika kadhaa, kisha inaweza kujikatia tamaa na kutoa skrini ya buluu yenye maneno DRIVER_POWER_STATE_FAILURE. Watu wengi hawajawahi kuiona kwa sababu wameshakata umeme dakika ya pili. Ukiiona, ipige picha kwa simu. Imekuokoa na kutafuta kwingine kote: tatizo ni draiva ya kifaa fulani.

Baada ya hapo tu, shikilia kitufe mpaka izime, kama sekunde 5 hadi 10.

Kabla ya kugusa chochote, toa kazi yako

Ukiwasha tena, jambo la kwanza ni kunakili vitu vyako kwenye flashi au diski ya nje. Mémoire, picha, hesabu za duka, vitabu vya kanisa, chochote ambacho huwezi kukiandika upya. Sisemi hivi kwa mazoea. Diski inayoanza kufa mara nyingi hujionyesha kwanza kwenye kuzima, kwa sababu wakati huo Windows inalazimika kuandika yote iliyokuwa imeyaweka kwenye kumbukumbu, na sehemu mbovu za diski zinakataa kuandikwa. Ukianza kuendesha ukaguzi mzito kwenye diski ya namna hiyo kabla ya kunakili, unaweza kuimaliza kwa mkono wako.

Wakati wa kunakili, sikiliza. Diski inayozunguka ikitoa mlio wa kugonga, tak, tak, tak, au faili moja ikichukua dakika kumi bila kusogea, acha mengine yote na uruke mpaka sehemu ya diski hapo chini.

Jaribio la kwanza: je, inaganda kwa kuzima, kwa kuanza upya, au kwa vyote viwili?

Jaribio hili halibadilishi kitu kwenye masini na halili mega zako, lakini linasema mengi.

Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, "Arrêter" na "Redémarrer" hazifanyi kazi moja. Kama kile kinachoitwa "démarrage rapide" kimewashwa, ukibofya "Arrêter" Windows inafunga programu zako, lakini kiini chake hakifungwi: kinaandikwa kwenye diski katika faili iitwayo hiberfil.sys ili kesho kiamke haraka. Ukibofya "Redémarrer", kila kitu kinafungwa kweli na kuanza upya kuanzia sifuri.

Kwa hiyo: ikiwa inaganda kwa "Arrêter" peke yake na "Redémarrer" inafanya vizuri, mshukiwa wa kwanza ni démarrage rapide. Lithibitishe hivi: shikilia kitufe cha Maj (ule mshale wa herufi kubwa) na ukiwa umekishikilia bofya "Arrêter". Namna hiyo unailazimisha izime kikamilifu. Ikizima vizuri mara tatu mfululizo, umempata.

Ikiwa inaganda kwa vyote viwili, tafuta kwenye programu, huduma au draiva. Na ikiwa inazima vizuri lakini kwa "Redémarrer" inakwama kwenye skrini nyeusi au kwenye nembo ya kiwanda, Windows imeshamaliza kazi yake. Tatizo liko kwenye BIOS (programu ya ubao mama inayoamka kabla ya Windows), kwenye kitu kilichochomekwa USB, au kwenye umeme wa ndani ya masini.

Iulize masini yenyewe

Windows ina daftari ambalo inaandika kila siku, na ni wachache sana wanaolifungua. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika eventvwr, thibitisha. Linafunguka dirisha la "Observateur d'événements". Ingia "Journaux Windows", kisha "Système". Utaona orodha ndefu. Usiogope mistari myekundu, hata masini yenye afya inayo. Tafuta namba hizi tu:

1074 inasema ni nani aliyeagiza kuzima, na saa ngapi.
6006 inasema daftari lilifungwa, yaani kuzima kulifika mbali.
6008 inasema safari iliyopita ilikatika ghafla.
41, yenye chanzo Kernel-Power, inasema masini iliwaka bila kuwa imezimwa vizuri.

Namba 41 inawapoteza watu. Wanaiona, wanasoma neno "power", wanaenda kununua alimentation mpya, kile kisanduku cha umeme cha ndani. Lakini 41 ni taarifa ya matokeo tu: wewe mwenyewe ulipokata kwa kitufe, wewe ndiye uliyeiandikisha. Kinachofaa ni kutazama mistari iliyo kati ya 1074 na 41, ile ya dakika zilezile. Hapo ndipo jina la huduma au kifaa kilichosumbua hujitokeza.

Daftari la pili limefichwa zaidi, na ni zuri zaidi. Kwenye dirisha lilelile fuata "Journaux des applications et des services", Microsoft, Windows, Diagnostics-Performance, "Opérationnel". Mstari wenye namba 200 unaeleza kuzima kulichukua muda gani, kwa milisekunde, na namba zinazofuatia 200 hutaja kwa jina kilichochelewesha. Nimeshaona jina la programu ya modemu limeandikwa pale mara arobaini, siku arobaini, na mwenye masini akilaumu delestaji.

Kama daftari halikusema kitu, ilazimishe Windows iseme kwa sauti wakati wa kuzima. Bonyeza Windows na R, andika regedit (inafungua rejesta ya mipangilio ya Windows), nenda HKEY_LOCAL_MACHINE\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System, tengeneza thamani mpya ya DWORD ya biti 32, iite VerboseStatus, ipe 1. Anza upya. Sasa badala ya duara linalozunguka na maneno matupu ya "Arrêt en cours", itakuandikia inachofanya kila hatua, na mstari wa mwisho kabla ya kuganda ndio unaoutaka. Upige picha. Ukimaliza uchunguzi, rudisha 0.

Neno kwa wenye kibodi za AZERTY, maana hapa ndipo wengi hukwama: mstari wa mshazari / unapatikana kwa Maj na kitufe cha nukta mbili. Mstari wa nyuma \ kwenye kibodi ya Kifaransa ni AltGr na 8. Lakini masini nyingi za mitumba zimetoka Ubelgiji, na kwenye kibodi ya Kibelgiji ni AltGr na kile kitufe chenye alama < karibu na Maj ya kushoto.

Kituo cha kwanza: programu zako

Hapa ndipo rahisi kuliko kote. Windows inakutajia yenyewe programu inayozuia, na inakupa kitufe cha kuzima hata hivyo. Kabla ya kukibofya, rudi kwanza uangalie kama si Word au Excel yenye kazi ambayo hujaihifadhi, mara nyingi dirisha la kuuliza "Enregistrer?" limejificha nyuma ya dirisha jingine. Ikiwa ni programu ileile kila siku, fungua "Gestionnaire des tâches" kwa Ctrl, Maj na Échap, tazama orodha ya "Démarrage", uizuie isijiwashe yenyewe. Kama huitumii, iondoe kabisa.

Kituo cha pili: huduma, ambako masini nyingi hukwamia

Duara linazunguka, "Arrêt en cours", dakika tano, kumi, na hakuna kinachotokea. Windows huzipa huduma sekunde 5 hivi kujifunga, lakini baadhi, kama ile ya masasisho, zina haki ya kuomba muda zaidi. Mojawapo ikikwama, nyingine zinapanga foleni nyuma yake.

Mwezi wa tano mama mmoja mwenye sekretariati, kazi ya kuchapa, fotokopi na kuskani, aliniletea kompyuta yake ya mezani imefungwa katika kitenge. Nikamwuliza: mama, ilianza lini? Akafikiri. "Mwanangu, ilianza wiki ile printa ilikuwa inakamata karatasi." Hakujua kwamba amekwisha kunipa jibu. Nilifungua folda ya C:\Windows\System32\spool\PRINTERS na humo nikakuta faili 22, zimepangana jozi jozi, moja ya .SPL na moja ya .SHD, kila jozi ni karatasi iliyoagizwa ichapwe na haikuchapwa. Huduma ya kuchapa ilikuwa imezishikilia, inajaribu kuzungumza na printa ambayo kebo yake ilikwisha kuchomolewa. Kila jioni alipobofya "Arrêter", huduma hiyo ilikataa kuziachia.

Tiba yake ni mistari mitatu. Tafuta cmd (dirisha la kuandika amri), bofya kwa kitufe cha kulia, chagua "Exécuter en tant qu'administrateur", kisha andika mmoja mmoja:

net stop spooler
del /Q /F %systemroot%\System32\spool\PRINTERS\*.*
net start spooler

Kama una printa nyumbani au kazini, anza na hili hata kabla ya yale mengine. Na zile printa za zamani ambazo hunazo tena lakini majina yake bado yako kwenye orodha, zifute.

Ikiwa si printa, tumia njia ya kugawanya nusu kwa nusu. Bonyeza Windows na R, andika msconfig. Kwenye ukurasa wa "Services", kwanza kabisa weka alama kwenye "Masquer tous les services Microsoft". Usiruke hatua hiyo: bila hiyo unaweza kuzima kitu ambacho Windows inakihitaji ili iwake. Zilizobaki ni za wageni: antivirusi, modemu, printa, programu za kiwanda. Bofya "Désactiver tout", anza upya, kisha jaribu kuzima.

Ikizima vizuri, mkosaji ni mmoja wa wageni hao. Rudi uwashe nusu yao, jaribu. Ikiganda, yumo katika nusu hiyo. Isipoganda, yumo katika nyingine. Huduma 16 zinakwisha kwa majaribio manne. Inachosha, lakini mwisho una jina moja mkononi, na unaondoa programu hiyo moja badala ya kufuta masini nzima.

Katika Lubumbashi wageni ninaowakuta mara kwa mara ni watatu. Wa kwanza ni antivirusi mbili kwenye masini moja, kila moja ikiichunguza nyingine. Baki na moja tu, na ile ya Windows yenyewe inatosha kwa wengi wetu. Wa pili ni programu za modemu za USB, hasa pale ambapo mtu ana ya mitandao mitatu, na mbili kati yake hazitumii tangu mwaka juzi. Wa tatu ni programu zilizovunjwa kufuli, zile zinazouzwa kwenye flashi. Zinaacha huduma zenye majina ya ajabu, na nyingine ni virusi moja kwa moja. Najua bei ya programu halali na najua mishahara yetu. Bado nasema, kila mara nimezipata ndani ya masini inayoganda, nimeziondoa kwanza.

Masasisho nayo yana shida yake kwetu. Mtu anaunganisha simu, mega 300 zinaisha, sasisho linabaki nusu, na kila kuzima Windows inajaribu kumalizia kazi ambayo vifaa vyake havijatimia. Katika dirisha la cmd la msimamizi andika net stop wuauserv, kisha net stop bits, futa yaliyomo ndani ya C:\Windows\SoftwareDistribution\Download, halafu anza upya. Siku ukipata wifi nzuri, acha ipakue yote kwa mkupuo mmoja.

Kituo cha tatu: skrini nyeusi, taa na feni bado

Hapa Windows imekuaga, skrini imezima, lakini feni inazunguka na taa ya kitufe inawaka mpaka asubuhi. Kwenye laptopu utaigundua kwa joto ndani ya mfuko.

Anza na démarrage rapide. Windows na R, andika powercfg.cpl, chagua "Choisir l'action des boutons d'alimentation", kisha "Modifier des paramètres actuellement non disponibles", ondoa alama kwenye "Activer le démarrage rapide", hifadhi. Kuwaka kutachelewa kidogo, hasa kwenye diski inayozunguka. Baada ya sasisho kubwa rudi uangalie, maana alama hiyo inaweza kujirudisha.

Utasikia wengine wakikuambia uandike powercfg /h off. Inafanya kazi, na inakurudishia gigabaiti kadhaa za diski. Lakini inaua pia uwezo wa masini kulala kwa kuandika kila kitu kwenye diski betri inapoishiwa, na katika mji wenye delestaji uwezo huo ni akiba ya thamani: umeme umekatika, betri imefika asilimia 5, masini inajiandika na kulala, kazi yako iko salama. Mimi huondoa ile alama tu, hiyo amri siitumii.

Kama démarrage rapide haikuwa sababu, nenda kwenye draiva. Chomoa kila kitu cha USB, hata kipanya, kisha jaribu kuzima. Kama inazima, rudisha kimoja kimoja. Kisha bonyeza Windows na R, andika devmgmt.msc: inafunguka orodha ya vifaa vyote vya masini. Mstari wenye pembetatu ya manjano ndio wa kwanza kushughulikiwa. Laptopu zenye ubao wa Intel, chini ya "Périphériques système", zina kitu kiitwacho Intel Management Engine Interface, na draiva yake isiyolingana na masini inajulikana sana kwa kosa hilihili la skrini kuzima na taa kubaki. Tafuta draiva ya modeli yako kamili kwenye tovuti ya kiwanda kilichoitengeneza, hata kama ni ya zamani kuliko ile Windows iliyojiwekea. Usipakue programu zinazojidai kutafuta draiva zote kwa mara moja. Nimesafisha masini nyingi zilizoharibiwa nazo. Kadi ya mtandao na ya sauti zifuate kwa namna hiyohiyo. Kwenye kadi ya mtandao, fungua "Gestion de l'alimentation" na uangalie kama masini imeruhusiwa kuamshwa na mtandao. Hiyo ndiyo inayofanya kompyuta nyingine izime, kisha ijiwashe yenyewe baada ya sekunde mbili.

Kujiwasha huko kuna sababu nyingine. Skrini ya buluu inatokea wakati wa kuzima, na Windows imeagizwa ianze upya papo hapo, kwa hiyo wewe unaona tu imekataa kuzima. Andika sysdm.cpl, ukurasa wa "Avancé", sehemu ya "Démarrage et récupération", ondoa alama kwenye "Redémarrer automatiquement". Safari ijayo skrini ya buluu itabaki na utaisoma.

Inapokwama kwenye kuanza upya tu

Toa flashi na diski za nje: BIOS nyingine hukaa ikijaribu kuwaka kutoka kwenye flashi isiyo na mfumo. Laptopu yenye betri inayotoka, itoe pamoja na chaja, shikilia kitufe sekunde 30 ili umeme uliobaki ndani uishe, kisha rudisha. Kwenye kompyuta ya mezani tazama saa. Kama kila baada ya umeme kukatika inarudi mwaka wa zamani, betri ndogo ya CR2032 kwenye ubao mama imekwisha na mipangilio ya BIOS inapotea pamoja nayo. Ibadilishe, ingia BIOS, rudisha mipangilio ya kiwanda, weka tarehe.

Ukifungua kasha, pangusa lile vumbi jekundu la kiangazi kwa brashi laini, na tazama vile vimkebe vidogo vya duara karibu na prosesa. Vichwa vyake vinatakiwa kuwa bapa. Vikiwa vimevimba au vimetoa maji ya kahawia, ubao hauwezi tena kushika umeme wakati wa kuanza upya, na hakuna programu itakayotibu hilo. Umeme unaopanda na kushuka unavichosha. Stabilizateri nzuri ni bei ndogo kuliko ubao mama.

BIOS mpya iweke tu kama kiwanda kimeandika wazi kwamba inatibu kosa hili, na uiweke masini ikiwa kwenye onduleri au laptopu ikiwa na betri iliyojaa. Umeme ukikatika katikati ya kazi hiyo, masini inaweza isiwake tena.

Diski

CrystalDiskInfo ni programu ndogo ya bure, inasoma afya ya diski bila kuiandikia chochote. Angalia safu tatu: 05, C5 na C6. Zote zikiwa sifuri, vizuri. C5 ikiwa na namba, kuna sehemu ambazo diski imeshindwa kuzisoma na inangoja kuzihukumu. Namba hiyo ikiongezeka wiki hadi wiki, diski inaondoka. Nunua SSD (diski isiyozunguka), hamisha kila kitu, usihangaike na huduma wala draiva.

Diski ikiwa nzima, rekebisha majeraha ya kukatwa-katwa. Katika cmd ya msimamizi andika chkdsk C: /f, kubali ifanye kazi masini itakapoanza upya. Kisha sfc /scannow. Ikisema imepata faili zilizoharibika na haikuweza kuzitengeneza zote, inafuata amri ya DISM, ambayo kwa kawaida hupakua faili zisizoharibika kutoka kwenye intaneti. Ili usimalize mega, tafuta ISO ya Windows ya toleo lako (faili moja kubwa ya kuwekea Windows), ifungue, na kama imechukua herufi D andika:

DISM /Online /Cleanup-Image /RestoreHealth /Source:wim:D:\sources\install.wim:1 /LimitAccess

Kama ndani ya folda ya sources kuna install.esd badala ya install.wim, badilisha pia neno wim: liwe esd:.

Wenye Linux

Ukiona mstari unaohesabu sekunde kuelekea dakika 1 na sekunde 30, huo ni mfumo unaingoja huduma moja ijifunge, na jina lake limeandikwa kwenye mstari huohuo. Baada ya kuwaka, journalctl -b -1 -e itakuonyesha mwisho wa safari iliyopita. Sababu ya kawaida ni folda ya mtandao iliyobaki imeunganishwa wakati wifi imeshakatwa.

Dawa moja ambayo siikubali

Utaelekezwa ufungue regedit na kupunguza WaitToKillServiceTimeout mpaka 2000 au chini, ili Windows iue kila kitu haraka. Masini itazima upesi, kweli, na kwa siku chache utafurahi. Lakini umeinyima huduma ya hesabu, ya hifadhidata, ya antivirusi muda wa kuandika walichonacho mkononi. Mwenye duka anayetunza stoo kwenye kompyuta ataipata hasara hiyo bila kujua imetoka wapi. Thamani ya kufaa kuiangalia katika regedit ni nyingine: ClearPageFileAtShutdown, chini ya HKEY_LOCAL_MACHINE\SYSTEM\CurrentControlSet\Control\Session Manager\Memory Management. Ikiwa 1, Windows inafuta faili kubwa ya kumbukumbu kila inapozima, na kwenye diski ya polepole inaonekana kama imeganda. Kama hukuiweka kwa sababu ya usalama wa kazini, ipe 0.

Ikibidi uilete kwa fundi

Badilisha kitu kimoja kwa siku, na uandike kwenye karatasi: tarehe, ulichobadilisha, ilizima au iliganda. Ukifika kwa fundi, mpe karatasi hiyo na zile picha za simu kabla hajaichukua masini. Mwambie inaganda kwenye "Arrêter", "Redémarrer" au vyote, taa ya Verr Maj inaitikia au haiitikii, na ilianza baada ya nini: printa mpya, sasisho, mvua ya radi, kuanguka. Akikuambia moja kwa moja "tunaformat", mwulize amesoma nini kwenye Observateur d'événements. Na kama mwisho kweli hakuna njia nyingine, hakikisha nakala ya akiba unaiona wewe mwenyewe: fungua flashi kwenye masini tofauti, fungua mémoire, shuka mpaka ukurasa wa mwisho. Ndipo umruhusu afute.